Kostiki Ndani ya Chupa ya Maji



Ndugu wasomaji, hasa kina mama na mabinti ambao ndio wa kwanza kulifungua jarida letu kila Ijumaa, huenda baadhi yenu mnakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita niliandika katika ukurasa huu kuwahimiza wanawake waunde vikundi na watengeneze sabuni majumbani mwao. Nilisifu chumo la halali, nikasifu tohara, nikayataja mafuta ya nazi ya Kwale na Kilifi, na nikamalizia kwa dua. Juma lililopita niliisoma tena makala ile. Ni ndefu, na neno kostiki halimo hata mara moja. Nilikuwa kama mtu anayefundisha upishi bila kutaja moto.

Makala ile ilisomwa Ruiru. Binti wa dada yangu ameolewa huko, na mumewe ni fundi katika idara ya kutia rangi ya kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Mpwa wangu aliwasomea wenzake saba wa darsa ya jioni, kisha akanipigia simu. "Shikamoo Mjomba. Tumeamua, tunaanza." Mtaji wao wa kwanza, shilingi 5,000, niliutuma mimi, na madumu mawili ya mafuta ya nazi nikayapakia kwenye basi. Kwa zaidi ya mwaka mambo yalikwenda vyema. Waliuza sabuni mitaani na misikitini, wakalipa karo, wakanunua kalibu mpya za mbao.

Mwezi wa Februari, kabla ya Ramadhani, wakati ambapo Ruiru na Thika huwa na jua kali na vumbi, walimaliza kazi jioni yakabaki maji ya kostiki kiasi cha nusu lita. Mpwa wangu hakutaka kuyamwaga. Sinki ya jikoni ilikuwa imeziba, na maji hayo huyeyusha mafuta yaliyoganda ndani ya bomba. Akayatia katika chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa bado na karatasi yake ya dukani, akaiweka sakafuni kando ya mtungi, akaenda kuswali Magharibi. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu, akaingia kutoka nje akitweta kwa michezo. Alimeza funda moja. Maji yale hayana rangi wala harufu, na hayakuwa na chochote cha kumwonya mtoto.

Jirani aliyewahi kufika ni mwanamke mtu mzima mwenye huruma. Alimkamulia mtoto ndimu ili kuuvunja ukali, kisha akamtia kidole kooni atapike. Simlaumu hata kidogo, kwani lau ningelikuwapo ningelifanya vivyo hivyo. Yote mawili yalikuwa makosa, na sababu yake nitaieleza chini.

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, nikakaa kwao siku kumi na moja. Mchana nilikuwa hospitalini na mama, na usiku nilikuwa nyumbani na baba. Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, lakini siku zile alizungumza usiku kucha, na alizungumza juu ya kostiki tu. Nadhani hakuweza kuzungumza juu ya mtoto. Mengi ninayoyaandika hapa ni aliyonifundisha yeye, na baadaye nikayahakikisha kwa wenye elimu hiyo.

Jina lenyewe ndilo mtego wa kwanza. Kwetu neno soda lina wana wanne. Iko soda ya kunywa ambayo watoto huililia dukani. Iko soda ya kuokea keki. Yako magadi, yanayochimbwa katika Ziwa Magadi huko Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 na leo ni mali ya Tata Chemicals. Magadi hulainisha maharagwe jikoni, na viwandani hutumiwa pamoja na mchanga kutengeneza kioo. Ya nne ni kostiki soda, ambayo wanakemia huiita hidroksidi ya sodiamu. Hizi tatu za mwisho zina nasaba moja, kwa kuwa zote zimeundwa kwa sodiamu, lakini kostiki peke yake ndiyo inayokula nyama ya mwili ndani ya dakika chache. Mtu aliyezoea kushika magadi kwa mkono mtupu huona ajabu akikatazwa kuishika hii, maana kwa macho zote ni chenga nyeupe.

Wala si kitu kigeni katika historia yetu Waislamu. Watengenezaji sabuni wa Nablus na Halab walichukua majivu ya mimea ya jangwani yaitwayo qali, wakayachanganya na chokaa na maji, wakapata maji makali, nao wakayapika pamoja na mafuta ya zeituni. Yale maji makali yalikuwa na kostiki. Neno alkali, linalotumiwa na wanakemia wa dunia nzima, limetokana na al-qali, na sabuni yetu sisi Waswahili ni swabun yao. Siku hizi viwanda vikubwa haviteketezi mimea. Hupitisha umeme katika maji ya chumvi, na kutoka humo hupatikana vitu vitatu kwa pamoja: kostiki, gesi ya klorini na gesi ya hidrojeni.

Sisi watu wa Mombasa ni jirani wa shehena hizi kuliko tunavyodhani. Kostiki inayoagizwa kutoka ng'ambo huteremshwa Kilindini, ama ikiwa chenga ndani ya magunia ya kilo 25, ama ikiwa maji mazito ndani ya mapipa na matangi, kisha hupandishwa bara. Ukiona nyuma ya lori alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake, nusu ya juu nyeupe na nusu ya chini nyeusi, pamechorwa matone yanayodondokea mkono wa mtu na kipande cha chuma, na chini kabisa tarakimu 8, basi ujue kwamba ndani mna kitu kinachobabua, iwe ni kostiki au ni asidi. Mchoro ule wa mkono nimeupita barabarani mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza ni mkono wa nani.

Mzigo huo unakwenda kufanya nini huko Thika? Nianze na nguo, kwa sababu ndiko nilikoelezwa kwa mapana, na kwa sababu inawagusa kina mama moja kwa moja. Pamba inapotoka shambani ina nta ndani yake, na ndiyo maana pamba mbichi huyakataa maji. Katika viwanda vya nguo, navyo mjini Thika vimekuwapo kwa miaka mingi, kama Thika Cloth Mills, kitambaa hakiwezi kupokea rangi sawasawa mpaka nta hiyo iondolewe, na dawa iliyozoeleka ya kuiondoa ni kuchemsha kitambaa katika maji ya kostiki. Kisha iko kazi ya pili iliyo ya ajabu zaidi. Mwaka 1844 Mwingereza mmoja, John Mercer, aliona kwamba pamba ikitiwa katika kostiki kali, nyuzi zake huvimba na kuwa imara, na hunywa rangi kwa wingi. Aliisajili hataza yake mwaka 1850. Waliomfuata wakagundua kwamba kitambaa kikivutwa kisinywee wakati wa kazi hiyo, nyuzi hung'aa kama hariri. Uzi wa kudarizia kofia, ule wenye mng'ao, umepitia njia hiyo. Na leso uliyojifunga hivi sasa, ikiwa ni ya pamba, karibu hakika imewahi kuogeshwa katika kostiki, ikasuuzwa mara nyingi hata isibaki alama yake.

Mambo ya jikoni nayo yamo. Bidco, ambayo mafuta yake yako katika nyumba nyingi, ina viwanda vyake Thika. Njia mojawapo ya kusafisha mafuta ya kula ni kuyatia kostiki kidogo iliyopimwa, ikamate zile asidi zinazoyafanya mafuta yachache, nazo hugeuka kuwa sabuni nzito inayotengwa na kupelekwa kwenye kazi ya sabuni. Ruiru kuna kiwanda cha maziwa cha Brookside. Na viwanda vya maziwa popote duniani husafisha mabomba yao kwa kuyapitisha maji ya moto yenye kostiki, baadaye asidi, baadaye maji safi. Karatasi hupikwa kwayo. Na kwa kuwa naandika kwa familia, niseme pia jambo ambalo mabinti hawaambiwi saluni: baadhi ya relaxa za nywele zina kostiki hii hii, kiasi cha asilimia 2 hivi. Zilizoandikwa kwamba hazina kostiki nazo si za kuchezea, maana nyingi hutumia chokaa. Ukisikia kichwa kinawaka, usiambiwe uvumilie ili nywele zilainike. Zioshwe papo hapo.

Basi mtu asitoke hapa akisema kwamba sheikh ameiharamisha kostiki. Bila yake hakuna kipande cha sabuni cha kufulia kanzu. Kilichonishughulisha mimi ni tofauti kati ya kiwanda na nyumba.

Mkwe wangu alinieleza desturi za kazini kwao kama mtoto anayesoma juzuu aliyoihifadhi. Hakuna anayelikaribia pipa bila miwani inayobana pande zote za macho, glavu ndefu za mpira, aproni na gambuti. Miguu ya suruali hushushwa juu ya gambuti, haitiwi ndani, ili tone likianguka lisikusanyike mguuni. Karibu na matangi kuna bafu la dharura na beseni la kuoshea macho, na njia ya kuyafikia haiwekwi kitu hata kwa dakika moja. Chakula hakiliwi humo. Kila chombo kina jina la kilichomo. Hata baridi wanaijua hesabu yake: kostiki ya maji yenye nguvu ya asilimia 50 huanza kuganda joto likishuka karibu na nyuzi 12, na usiku wa mwezi wa Julai huko kwao joto hufika hapo, kwa hiyo mabomba hutazamwa yasizibe. Serikali nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomlazimu mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga.

Kisha akanyamaza, akasema, "Mjomba, miaka kumi na minne sijapata kuona kostiki ndani ya chupa ya kunywea. Nimekuja kuiona nyumbani kwangu."

Sikuwa na la kumjibu. Kitu kile kile kiwandani kimewekewa kanuni juu ya kanuni, kila moja nadhani imetokana na mtu aliyeumia, na kinapoingia nyumbani huingia peke yake, kanuni zikabaki getini. Mkaguzi habishi hodi jikoni. Na mume anayezijua kanuni hizo hutoka alfajiri na kurudi usiku, naye hakuona kwamba sabuni ya mkewe ni kazi ya kiwanda. Mimi pia sikuona hivyo. Niliiona kama mapambo ya nyumba, kama ushonaji wa kofia.

Siku ya saba alikwenda kazini Thika kuomba ruhusa zaidi, tukafuatana. Tukiwa njiani kurudi tulisimama pale kwenye hoteli ya Blue Posts, ambapo mito ya Chania na Thika ina maporomoko yake, tukatazama maji. Nilimwuliza kostiki iliyokwisha kazi hupelekwa wapi. Akasema haitakiwi kumwagwa hivi hivi. Huzimwa kwanza kwa asidi, na kanuni za NEMA za mwaka 2006 zilitaka maji yanayotoka kiwandani yawe kati ya 6.5 na 8.5 katika kipimo cha ukali, kile ambacho maji safi ni 7 na kostiki kali hufika 14. Nikiwa pale nilikumbuka jiografia ya madrasa, maana ustadhi wetu alikuwa akitufundisha mito pamoja na hesabu. Chania huingia Thika, na Thika huingia Tana, na Tana hutoka baharini Kipini. Mto Ruiru nao huenda kwenye Athi, na Athi ukifika huku kwetu huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika kaskazini ya Malindi. Kostiki yenyewe haifiki huku, kwa kuwa maji mengi huizimua mapema. Wanaoipata kwanza ni wale wanaochota kwa mitungi mwendo mfupi chini ya bomba la mtu asiyefuata kanuni. Lakini nilipenda kujua kwamba mito ile ni ya kwetu pia.

Nirudi jikoni, kwa kuwa najua vikundi vipo, na vingine vimeundwa kwa maneno yangu.

Kwanza ni mizani. Kikundi cha mpwa wangu kilipima kwa kijiko cha chakula, na kwa sababu hiyo kila mara ilizidi, na kwa sababu ilizidi ikabaki. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki ili yageuke yote kuwa sabuni. Watengenezaji waangalifu hupunguza hadi gramu 174, ili kostiki iishe na mafuta kidogo yabaki kuilinda ngozi. Maji gramu 400 yanatosha. Mafuta ya mawese kilo moja huhitaji gramu 141 hivi tu, kwa hiyo anayebadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu anatengeneza kitu cha kubabua watu. Ukipima hivyo kila unachokiyeyusha huingia katika mafuta, wala hakuna nusu lita ya kutafutiwa chupa.

Pili, kostiki ndiyo inayotiwa katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Maji hayamiminwi juu ya kostiki. Inapoyeyuka hutoa joto kali, na maji yakimiminwa juu yake huweza kuchemka ghafla na kurukia usoni. Maji yawe ya baridi, na kazi ifanyiwe mahali penye hewa, kwani mvuke wake huwasha koo na kifua.

Tatu, chombo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki hula alumini, ikatoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Mpwa wangu alishangaa mwaka mzima kwa nini sufuria yake ilifanya povu na kutoboka. Ndoo ya bati nayo haifai, kwa sababu ya zinki iliyopakwa. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki inayostahimili joto au chuma kisichoshika kutu, na chombo hicho kisirudi tena kwenye chakula hata kikioshwa mara mia.

Miwani ya kukinga macho na glavu ndefu za mpira hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Macho nayataja kwa msisitizo, kwa maana tone moja laweza kuyapofusha. Mikono ya buibui ikunjwe na mtandio ufungwe nyuma. Watoto wasiwepo kabisa wakati huo, na mlango ufungwe. Chenga zinazobaki ziwe katika mkebe wake wenye kifuniko, umeandikwa KOSTIKI – SUMU kwa herufi ambazo hata bibi asiyevaa miwani ataziona, ufungiwe juu kwa kufuli. Kostiki isitiwe kamwe ndani ya chupa ya maji, ya soda, ya maziwa wala ya asali, hata kwa dakika tano, hata ukiwa unaiona. Sabuni yenyewe ikiisha kukatwa iachwe wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa. Sinki ikiziba, mwiteni fundi na waya wake.

Ajali ikitokea ngozini, mtu asidanganyike kwa kuwa haikumuuma mara moja. Asidi huuma papo hapo. Kostiki huweza kuchelewa, na ule utelezi unaousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuka sabuni. Chenga zipanguswe kwanza zikiwa kavu, nguo zilizolowa zivuliwe, kisha maji ya bomba yapite juu ya mahali hapo nusu saa kamili. Jichoni ni hivyo hivyo, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali. Siki na ndimu zisitumike. Watu hudhani kikali huzimwa kwa kikali, na hivyo ndivyo kiwandani hufanywa ndani ya tangi, lakini kuzimana huko hutoa joto, na joto hilo huunguza nyama iliyokwisha kuungua.

Aliyemeza asitapishwe. Kostiki iliunguza ilipokuwa ikishuka, na ikipandishwa itaunguza njia ile ile mara ya pili. Asipewe ndimu wala siki wala dawa ya kienyeji. Kinywa kisuuzwe na maji yatemwe, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na mkebe wenye jina, ili daktari ajue ni kitu gani. Akionekana amepata nafuu, bado apelekwe. Umio hupona kwa kovu, na kovu hujikunja taratibu. Wiki kadhaa baadaye, wakati nyumba imekwisha kushukuru, njia ya chakula huanza kubana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nilirudi Mombasa mtoto akinywa uji na kucheka. Baada ya wiki tano alianza kurudisha uji, kisha maziwa, kisha hata mate. Madaktari walimlaza usingizi wakampanua umio kwa kifaa, na wamefanya hivyo mara nne hadi leo. Kila mara hupata nafuu, kisha njia hujikaza tena, lakini wanasema kila mara hujikaza kidogo kuliko iliyotangulia.

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi, mpwa wangu alinifuata barazani. Hakuketi. "Mjomba, nina dhambi?"

Nimejibu maswali ya watu kwa miaka thelathini, na mengi nimeyajibu kwa haraka. Hili lilinichelewesha. Nilimwambia kwamba fakihi hutenganisha mambo mawili: dhambi ya moyo, ambayo hufuata nia, na dhamana ya mkono, ambayo humfuata mtu hata pale asipokusudia. Nia yake ilikuwa sinki. Dhambi ya kumdhuru mwanawe siioni, na kwa uzembe aombe msamaha kama sote tunavyoomba kwa uzembe wetu. Ama dhamana ipo, nayo ni kumhudumia mtoto huyu mpaka apone, na kuhakikisha hakuna mwingine wa pili katika nyumba za wenzake saba. Kisha nikamwambia kwamba dhamana hiyo haimhusu peke yake. Aliyewaita watu kwenye kazi bila kuwaonyesha hatari yake ana fungu, na aliyetuma shilingi 5,000 bila kuuliza zitanunua nini ana fungu la pili, na wote wawili ni mimi. Gharama za hospitali tunagawana. Makala hii ni sehemu ya fungu langu, na nimemwomba mhariri aichapishe katika ukurasa ule ule wa ile ya kwanza.

Alitaka kuivunja ile kazi. Wenzake ndio waliokataa, na nikaona wana haki, kwa sababu wawili miongoni mwao ni wajane na hawana chumo jingine. Sasa wanafanyia sabuni katika chumba cha nyuma cha mmoja wao asiye na watoto wadogo. Mkwe wangu aliwaletea mizani, akawachongea kabati lenye kufuli, na Jumapili moja aliwafundisha kwa saa mbili jinsi ya kuvaa glavu na jinsi ya kuzivua bila kugusa upande wa nje. Jirani yule wa ndimu alikuja pia, akakaa mbele.

Ijumaa iliyopita walinipigia simu ya video baada ya Isha. Mtoto alikuwa mezani na hamri moja mbele yake, analichovya katika chai, anangoja lilainike, anamega kidogo kama ndege. Alimaliza nusu kwa muda mrefu, akaninyanyulia ile nusu nyingine nione. Miadi yake ya tano ni baada ya Idi ya Kuchinja.